Kwa Nini Mbayuwayu wa Kwanza Hapigiwi Vigelegele

Zamani hizo, kabla mwaka haujapata wa kuutangaza, mbayuwayu hakuwa ndege wa nyumbani. Alikaa kwenye genge la mto Luhanji, mahali ambapo mtu hafiki ila amepotelewa na mbuzi. Alikuwa mweusi mwili mzima, na mkia wake ulikuwa mfupi, umekatika sawasawa kama wa njiwa. Hakujua kufinyanga udongo. Alilala kwenye nyufa za mawe, akataga humo, akafa humo, na watu wa Ikovo hawakuwa hata na jina la kumwita.

Nyinyi mnaomwona akiingia sebuleni bila hodi mnadhani ndivyo alivyoumbwa. Sivyo. Kaeni vizuri niwaeleze. Na wewe mwenye kumenya njegere, endelea kumenya, masikio hayamenyi.

Ikovo yetu iko juu, mnajua wenyewe. Kipupwe kikiingia, ukungu hushuka ukakaa, na asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya nyasi, nyeupe kama unga uliomwagika. Leo tuna mablanketi na masweta. Wao walikuwa na ngozi na moto tu. Sakitu ikishapiga, malisho huungua yakawa ya kahawia, na ng'ombe hawana cha kutia kinywani. Kwa hiyo kila mwaka, ulezi ukishaingia ghalani, kijiji kizima kiliteremka bondeni pamoja na mifugo, kikakaa huko kwenye joto mpaka mvua zirudi huku juu.

Kuteremka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi. Bonde lina mvua zake na mlima una zake, na aliyeko chini akiinua macho haoni ila mawingu. Waliporudi mapema, walikuta ardhi tupu na ndama wakafa. Waliporudi wamechelewa, walipanda ulezi mvua ikiwa imekwisha kupita, na mwaka ule ukawa wa njaa. Ndipo wakamchagua mtu mmoja awe anapanda peke yake kuangalia. Mtu huyo aliitwa Kyando. Alikuwa na miguu ya mbuzi mawe na hakuwa msemaji. Akirudi bondeni akasema, "Nyasi zimechipua," watu walifunga mizigo bila kuuliza neno la pili.

Kyando alikuwa na mke, jina lake Mbonile, na mtoto mmoja wa kike, Lugano, wa umri wa kung'oa meno ya utotoni. Waliishi na mama yake Kyando, bibi mmoja mkali wa maneno aliyeitwa Nyasanga.

Mwaka ninaousema, Nyasanga miguu ilikuwa imekataa. Wazee wengine wasiojiweza walibebwa kwa machela za mianzi, lakini yeye alipoletewa ya kwake aliisukuma kwa fimbo.

"Kitovu changu kimezikwa hapa," alisema. "Siteremki nikafe katikati ya mbu."

"Mama, utabaki na nani?" Kyando alimuuliza.

Bibi alimtazama mkwewe. Na Mbonile, aliyekuwa ameshafunga mzigo wake, akaufungua.

Jambo la mtoto ndilo lililompa tabu. Kila kipupwe kifua cha Lugano kilibana, akawa anakohoa hadi anashika ukuta. Mbonile alilifikiria jambo hilo siku nzima huku akizunguka uani bila kazi maalumu, na mwisho akamwambia mumewe, "Nenda naye. Huko chini kuna joto, kifua chake kitapona."

"Na wewe, Mama Lugano?"

"Mimi nina mama. Sitakuwa peke yangu."

Akamfunga mtoto ngozi ya kondoo mabegani, akamwambia asinywe maji ya madimbwi. Lugano alitaka kujua kama jino lake lililolegea likitoka huko bondeni alitupe kule au alilete. Mbonile akamwambia alilete, walirushe pamoja juu ya paa la nyumba yao. Kisha watu wakaondoka, ng'ombe mbele na watu nyuma, mpaka sauti zao zikamezwa na ukungu.

*

Kwa muda wanawake wale wawili waliishi vizuri. Nyasanga alikaa karibu na mafiga, akalalamikia chumvi, akalalamikia moshi, akasimulia habari za watu waliokufa zamani kana kwamba wamepita uani asubuhi ile. Mbonile alikuwa akichoka na maneno yake. Baadaye alikuja kuona kwamba maneno yale ndiyo yaliyokuwa yakiishikilia nyumba isimwangukie.

Kipupwe kilipofika katikati, kwenye ukali wake, Nyasanga aliacha kulalamika. Asubuhi moja alikunywa uji nusu kikombe, akasema uji ni mzuri, na Mbonile akaogopa, kwa sababu bibi yule hakuwa ameusifu uji wa mtu tangu aolewe nyumbani hapo. Jua lilipofika utosini, alikuwa amekwisha kwenda.

Mbonile alimzika peke yake. Alichimba nyuma ya nyumba, mahali palipochaguliwa na bibi mwenyewe. Mnaujua udongo wetu: juu ni mweusi tii, wa kupandia, na ule mwekundu uko chini sana. Mtu hawezi kuuona kwa kulima, anauona kwa kuchimba kaburi. Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi, akalazimika kuwasha moto juu yake kwanza ili ilainike. Akachimba weusi, akachimba mpaka akaufikia wekundu, na akaendelea. Alimfunga mkwewe kwenye mkeka, akamvuta taratibu, akimwomba radhi kila alipogonga jiwe. Hapakuwa na mtu wa kupokeana naye jembe. Hapakuwa na wa kuanzisha wimbo wala wa kuitikia, kwa hiyo alianzisha mwenyewe akaitikia mwenyewe, na sauti yake ilimshtua, akanyamaza. Udongo uliobaki baada ya kufukia ulikaa pale kama kichuguu chekundu, rangi pekee katika uwanda mzima.

Akanyoa kichwa, kama inavyompasa aliyefiwa.

Angeweza sasa kuteremka kumfuata mwanawe. Njia aliijua. Lakini desturi ya Ikovo ilikuwa hivi: nyumba iliyofiwa mlango wake haufungwi, na aliyemzika marehemu haondoki, mpaka mwana wa marehemu aje aanue matanga. Akiondoka, ni kama amemtupa. Mbonile alikuwa amebishana na Nyasanga maisha yake yote ya ndoa, na hakuweza kumtupa. Akabaki. Nywele zilipoota alizinyoa tena. Mlango ulibaki wazi, na ukungu ukawa unaingia ndani na kutoka kama mgeni asiye na adabu.

Jamani, upweke una njia zake. Mwanzoni alikuwa akipika kwa watu wawili kwa kusahau. Baadaye akawa anafanya hivyo makusudi. Aliacha kuongea, halafu akaanza kuongea na vitu: na mtungi, na jembe, na mafiga. Alihesabia vidole meno ya Lugano, akijaribu kukumbuka lipi lilikuwa limelegea, la juu au la chini, na aliposhindwa kukumbuka alilia kuliko alivyomlilia mkwewe.

Kisha mvua ikaja. Ilikuja mchana, ghafla, na upepo uliong'oa miti. Kule mtoni genge la Luhanji lililokuwa limepasuka kwa baridi likalowa, likaporomoka lote, na ndege weusi waliokuwa wakilala kwenye nyufa zake wakafukiwa. Wengi walikufa. Waliosalia walitawanyika kuelekea wasikokujua. Mmoja, jike, alipeperushwa na upepo mpaka Ikovo, akaona shimo jeusi katikati ya nyumba, akadhani ni ufa wa jabali, akaingia. Ulikuwa mlango wa Mbonile.

Mbonile alikuwa amesimama ameshikilia nguzo, paa likitikisika. Ndege alitua juu ya boriti, akatetemeka, akamwaga matone ya maji kwenye majivu. Wakatazamana.

"Karibu," Mbonile alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia kiumbe hai tangu bibi afariki. "Kaa. Hapa kuna nafasi."

*

Mvua ilipotulia, ukuta wa upande wa upepo ulikuwa umebanduka udongo wote, fito zikionekana kama mbavu. Mbonile akaenda kwenye ule udongo mwekundu uliobaki kaburini, akaukanda kwa maji ya mvua, akawa anatengeneza madonge na kuyabandika ukutani, moja juu ya jingine, akiyakandamiza kwa kiganja. Ndege alimtazama kutoka juu. Juu ya boriti hapakuwa na ufa wa kulala. Siku iliyofuata alishuka kwenye ule udongo, akachota kidogo kwa mdomo, akaenda akaubandika kwenye boriti, akaukandamiza kwa koo lake. Ukaanguka. Akarudi akachota tena. Mbonile alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na kutu. "Tia mate kidogo," akamwambia. Siku hizo ndege walikuwa bado wanasikia maneno ya watu, ingawa hawakuwa wakijibu. Akatia mate. Donge likashika. Hivyo ndivyo alivyojifunza kujenga, na koo lake likapata wekundu wa udongo wa Ikovo, ambao haujatoka mpaka leo.

Asubuhi moja ukungu uliinuka. Mbonile alitoka na mtungi wake kwenda kisimani, na njiani akasimama. Chini ya nyasi zilizoungua palikuwa na kijani, kidogo kabisa, kama ndevu za kijana. Kando ya kisima maua ya njano yalikuwa yamefumbuka bila kumngoja mtu. Vyura walikuwa wakilia. Hewa ilinuka udongo ulioshiba. Kila mwaka wa maisha yake, alipoyaona hayo, alikuwa katikati ya watu waliokuwa wakipiga vigelegele, na mtoto mgongoni au mkononi. Aligeuka aseme, "Tazama!" Hapakuwa na mtu. Akauweka mtungi chini akakaa kando yake muda mrefu. Furaha nayo ni mzigo, kuna nyingine mtu hawezi kujitwika mwenyewe.

Aliporudi nyumbani alimwambia ndege, "Tazama. Nyasi zimechipua."

Akangoja. Huu ndio wakati ambao Kyando alizoea kupanda kuja kuangalia. Kila siku Mbonile alifagia uani, akatazama njia. Kijani kikawa kirefu, kikafika kwenye kifundo cha mguu. Wakati wa kupanda ulezi ukafika, ukaanza kupita, na yeye akalima kipande alichokiweza, akijua hakitoshi kulisha hata nyumba moja, sembuse kijiji. Kyando hakuja.

Mwishowe alimshusha ndege kutoka kwenye boriti, akamweka kiganjani.

"Rafiki yangu," akasema, "mimi siwezi kuondoka hapa, wewe unaweza. Teremka bondeni. Waliko ng'ombe ndiko waliko watu. Mtafute Baba Lugano. Huwezi kusema, najua, lakini onekana tu. Mtu akikuona, atajua unatoka kwenye nyumba yenye mtu."

Akaenda naye hadi mlangoni, akafungua kiganja. Ndege akaruka. Na pale alipouona mgongo wake ukimwacha, Mbonile hakuweza kuvumilia. Mkono ulikwenda wenyewe, ukamdaka mkia. "Usiende!" alisema. Ndege alijivuta, na manyoya ya katikati yakabaki vidoleni mwa mwanamke yule. Yale ya pembeni mawili tu ndiyo yaliyosalia, nayo yakavutika yakawa marefu kama nyuzi. Mbonile aliona alichofanya. Alisimama mlangoni na manyoya mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe. Nenda." Ndege akazunguka juu ya paa, akajaribu mkia wake mpya, akashuka na bonde.

*

Sasa niwaambie habari za bondeni.

Homa ya bondeni ilimpata Lugano kabla mwezi haujaandama. Kifua chake kilikuwa kimepona kweli. Hakukohoa hata mara moja. Lakini homa ilimchoma, na Kyando alikaa naye akimpepea kwa jani mpaka hapakuwa na wa kupepewa. Wakamzika kando ya matete. Kyando akanyoa kichwa. Na kwa kuwa msiba wa mtoto hauanuliwi mpaka mama yake aambiwe, kila nywele zilipoota alizinyoa tena.

Watu walimhurumia. Hakuna aliyemlazimisha kupanda kwenda kusema. Lakini siku zilipozidi kwenda, walianza kumtazama yeye, halafu mlima, halafu yeye tena. Mzee mmoja, Mwalongo, alimfuata zizini.

"Kyando, wenzio wanauliza. Mwaka huu hupandi kuangalia?"

"Bado, mzee."

"Bado nini?"

"Mawingu hayajakaa sawa."

Mwalongo aliegemea ua wa zizi. "Mwanangu, sote tunajua unachokiogopa, na hata mimi ningekiogopa. Lakini mbegu haziogopi. Zinaoza tu."

"Nikimwona nitamwambia nini? Alimfunga ngozi mwenyewe. Alinikabidhi mkononi."

Mzee akaokota fimbo yake, akaenda zake.

Kyando alikuwa amekaa hivyo hivyo kwenye gogo la zizi wakati ndege alipokuja. Alipita chini chini katikati ya miguu ya ng'ombe akidaka nzi, kwa maana alikuwa na njaa ya safari, kisha akatua juu ya mgongo wa fahali, hatua chache tu kutoka kwa Kyando, akamgeukia. Kyando alikuwa hajawahi kuona ndege wa namna ile, mwenye mkia wa nyuzi mbili. Kisha akaona koo lake. Udongo ulikuwa bado umeganda penye manyoya, mwekundu.

Akasimama. Udongo wa bondeni ni wa kijivu, umejaa mchanga. Ule aliujua ulikotoka. Na ulikuwa umefinyangwa kwa maji, kwa hiyo mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Hilo lilikuwa jambo la kwanza aliloliona. La pili lilimjia polepole: kwamba wekundu ule hauonekani juu ya ardhi. Kuna mtu alikuwa amechimba, akachimba chini sana. Na huko nyumbani walikuwa watu wawili tu, mmoja wa kuzikwa na mmoja wa kuzika, na yeye hakujua yupi ni yupi.

Kwa muda wote ule alikuwa ameogopa kumkuta mkewe. Sasa aliogopa kutomkuta.

"Fungeni mizigo," aliwaambia watu. "Nyasi zimechipua."

Hakuwangoja. Wao walimfuata nyuma na ng'ombe, na ndege yule akawa mbele yao, na ndege wenzake waliokuwa wametawanyika bondeni walipomwona wakajiunga naye, kundi zima likipita juu ya vumbi la mifugo.

*

Mbonile aliona ndege kwanza. Kisha akasikia ng'ombe kwa mbali. Alijifunga ngozi yake vizuri, akatoka akasimama uani. Kyando alitokeza kwenye njia peke yake, anatembea kwa haraka, na alipomwona mkewe amesimama, mzima, alisita, akashukuru. Halafu akaona kichwa chake kilichonyolewa, akajua kuwa mama yake hayupo.

Mbonile naye aliona kichwa chake.

Alijiambia kwamba amenyoa kwa ajili ya mama, labda habari zilimfikia kwa njia fulani. Akatazama nyuma ya Kyando. Akatazama chini zaidi, kimo cha mtoto. Kyando alifika mbele yake, akafungua kinywa amsalimu kama alivyomsalimu siku zote, akasema, "Mama..." na jina lililobaki likakataa kutoka. Alijaribu tena. Likakataa.

Mbonile akalisikia lile jina lisilosemwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale uani, na Kyando akakaa kando yake.

Ng'ombe walifika wakapita pembeni yao kwenda kwenye nyasi.

"Mama alifaje?" Kyando aliuliza.

"Alisifia uji wangu."

Kyando alitikisa kichwa. Alimjua mama yake. Kisha Mbonile akauliza, huku akitazama mikono yake, "Alisema nini, yeye?"

"Alitaka maji ya kisima cha huku. Alisema ya kule yana joto."

Mbonile alisimama. Alichukua mtungi, akaenda kisimani, Kyando akimfuata nyuma, na hakuna aliyethubutu kuwafuata. Akateka. Akarudi, akamimina kidogo penye kaburi la mkwewe, na yaliyobaki akampa Kyando anywe, naye akanywa. Alipomaliza, aliingiza mkono ndani ya nguo yake akatoa jino. Walirushe juu ya paa, alisema, kwa sababu mtoto aliagizwa alilete. Wakalirusha.

Wakati huo watu wote walikuwa wameshafika. Waliona kijani, waliona maua, na wanawake wengine ambao nyumba zao zilikuwa zimesalimika hawakuweza kujizuia. Ndege yule alipoingia mlangoni kwenda kwenye boriti yake, mmoja wao alianza kigelegele. Mbonile akageuka akainua mkono. Hakuwa amekasirika.

"Ngojeni," alisema. "Huyu ndiye aliyeketi nami wakati hapakuwa na mtu. Ametoka safarini, hajui nani karudi na nani hakurudi. Tumwambie kwanza."

Akaingia ndani, akasimama chini ya boriti, akasema, "Umerudi. Nyasanga hayupo. Lugano hayupo." Na hapo mama mmoja aliyekuwa amempoteza mumewe mwaka wa juzi, ambaye hakuwa amelitaja jina lake tangu hapo, akaingia akasimama kando ya Mbonile akalitaja. Akaingia mwingine. Kila mmoja alidhani msiba wake ni wa peke yake, na chumba kikajaa. Walipokwisha wote, Mbonile mwenyewe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kilitoka kimepasuka, lakini kilitoka, na wengine wakakipokea. Kisha wakachukua majembe, maana walikuwa wamechelewa, wakapanda bila kupumzika. Mwaka ule hawakushiba. Lakini hakuna aliyekufa kwa njaa.

Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Ikovo aliyetumwa tena kupanda mlima kuangalia nyasi. Kazi hiyo ni ya mbayuwayu. Tangu siku hiyo ana koo jekundu na mkia wa panda, naye halali tena kwenye genge, anajenga kwa udongo ndani ya nyumba za watu, na atakayebomoa kiota chake hatapata wa kumwitikia siku ya msiba wake. Kipupwe kikikaribia mwisho tunauacha mlango wazi. Akiingia wa kwanza, hatupigi vigelegele. Tunanyamaza, na mkubwa wa nyumba husimama chini ya boriti akamwambia: umerudi, fulani hayupo, fulani hayupo. Baada ya hapo ndipo furaha inaruhusiwa.

Lipo na neno la kusema mwaka ambao hakuna wa kutajwa. Ukifika mwaka kama huo, mkubwa wa nyumba humwambia ndege, "Umerudi, tupo wote." Bibi yangu aliniambia aliwahi kulisikia likisemwa alipokuwa msichana, na kwamba watu wazima waliangua kilio kwa kulisikia. Mimi, kwa umri wangu huu wote, sijalisikia bado katika nyumba hii. Lakini kila mwaka, kabla sijafungua kinywa, hugeuka kwanza nikawatazama mliosimama nyuma yangu, mmoja mmoja.